Kiungo Namba Thelathini na Moja

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, basi la zamu ya kwanza lilisimama mbele ya lango la kinu cha nyuklia kando ya mto Danubi, na wafanyakazi wakashuka na vifuko vyao vya mikate ya jibini. Aliyeshuka mwisho alikuwa Gencho Radulov, mkaguzi wa mabomba, aliyefariki Septemba ya mwaka jana. Alipofika kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo alisimama, mikono nyuma, akaisoma tanzia yake mwenyewe iliyobandikwa pale: picha, msalaba, na maneno "Mwaka Mmoja Bila Gencho".

"Picha hii walinipiga nina mafua," alisema. "Wangechukua ile ya harusi ya binti yangu Milka."

"Ile ulikuwa umelewa, mzee," alijibu Zlatina Dimova, akampa tochi.

Zlatina alikuwa na miaka ishirini na minne, na miezi saba ya uanagenzi. Kazi yake ilikuwa kumfuata Gencho, kumbebea vifaa na kujifunza. Ijumaa ya wiki ile angepewa leseni ya injinia wa ukaguzi, mradi tu atie saini kama shahidi kwenye fomu yake ya kwanza.

Kurudi kwa Gencho hakukuwa na makuu. Fomu za mabomba ya chini zilihitaji jina la mkaguzi mwenye leseni, na mwenye leseni alikuwa yeye peke yake. Kumsomesha mwingine, darasani na kwenye uanagenzi, ni miaka miwili. Basi ofisi iliendelea kuliandika jina lake, na siku ya arobaini, watu wakiwa bado wanatafuna ngano ya kuchemsha yenye sukari waliyogawiwa kwa ajili ya marehemu, marehemu akashuka kwenye basi na udongo viatuni. Mlinzi alimwambia apanguse miguu.

Ofisi ilifurahi zaidi ilipogundua kwamba kipima mionzi chake kilisoma sifuri kila jioni. Aliye hai ana kikomo chake cha mionzi kwa mwaka, na akikifikia anarudishwa nyumbani. Kikomo cha maiti hakijai. Wakaanza kumtuma kwenye vyumba ambavyo watu huingia kwa dakika nne tu, naye akawa anashinda humo kutwa, pamoja na mkate asioula.

Jumatatu hiyo walishuka hadi kwenye chumba kilichokuwa chini ya kinu. Kinu kilikuwa kimezimwa kwa matengenezo ya mwaka, na kingewashwa Jumamosi. Zlatina alibaki mlangoni na saa yake. Gencho alipiga magoti kwenye kiungo namba thelathini na moja, mahali ambapo vipande viwili vya bomba kubwa la maji vilichomelewa pamoja kabla Zlatina hajazaliwa, akakibandikia sikio.

"Njoo usikie," alisema. "Dakika moja tu. Nakuhesabia."

Zlatina akaweka sikio. Bomba lilikuwa baridi na tupu, lakini ufa ulikuwa ukipumua, taratibu, kama mtu aliyelala.

"Mwezi wa nne ulikuwa urefu wa ukucha. Sasa ni kidole kizima."

"Umeandika, mzee?"

"Naandika kila mara. Naandika 'kina ufa'. Kesho yake nakuta 'kiko sawa', na chini saini yangu, nzuri kuliko ninavyosaini mimi. Haya, toka, dakika imekwisha."

Zlatina alitoka akiwa na hofu. Nyumba ya mama yake ilikuwa kilomita nne kutoka pale, upande ambao upepo huelekea, na mama yake wakati huo alikuwa uani akichoma pilipili kubwa nyekundu za kuweka kwenye chupa kwa ajili ya baridi.

Injinia Tsolov, mkuu wa ukaguzi, alimkaribisha Zlatina kiti akammiminia kahawa. Fomu ilikuwa mezani, imeshajazwa: kiko sawa.

"Kiungo thelathini na moja kina ufa, Injinia."

"Nani kasema?"

"Mzee Gencho."

"Gencho ni marehemu, binti. Marehemu anatia saini. Hatoi maoni."

"Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

"Ukuta tunao. Mita mbili za zege." Akamsogezea kalamu. "Andika jina hapo. Ijumaa una leseni yako, Jumamosi tunawasha, na kila mtu anakwenda kula."

Zlatina aliirudisha kalamu upande wake. "Sisaini," alisema.

Tsolov hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Aliigeuza fomu na kulitazama jina la mwanagenzi lilivyoandikwa kwa ukamilifu, lake, la baba na la ukoo, kama makaratasi yote ya huko yanavyotaka: Zlatina Asenova Dimova.

"Asenova," alisema. "Baba yako si Asen Dimov, yule aliyekuwa shahidi wetu wa mabomba?"

"Ndiye. Alifariki nikiwa na miaka kumi na mitano."

Alijibu hivyo kwa sababu mkubwa akikuuliza habari za baba yako unajibu, ndivyo alivyolelewa. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia kalamu ikikwaruza karatasi nyuma yake, na hapo akajua amefanya nini. Leseni ya baba yake ya ushahidi haikuwahi kufutwa na mtu.

Jumanne, nyuma ya Gencho, alishuka Asen Dimov, amevaa suti ya kahawia aliyozikwa nayo. Mlinzi akamwambia apanguse miguu.

"Umekuwa mrefu," alimwambia Zlatina.

Miaka tisa alitamani kuisikia sauti ile. Sasa aliisikia, akatamani asingeisikia. Alimfuata mpaka ofisini kwa Tsolov akimsihi njia nzima.

"Usisaini, baba. Nakuomba."

"Mkono ungekuwa wangu, mwanangu, nisingesaini."

Wote wawili waliutazama mkono ukiichukua kalamu. Zlatina aliushika kwa nguvu zake zote. Ulikuwa baridi na mzito kama bomba, na uliendelea kuandika herufi baada ya herufi, wala wino haukutapakaa. Tsolov alishukuru, akagonga muhuri.

"Mama yako bado anachoma pilipili uani?" Asen aliuliza walipokuwa kwenye korido.

"Bado."

"Mwambie Jumamosi afunge madirisha."

Ijumaa Zlatina alipewa leseni, kwa kuwa fomu ilikuwa na mkaguzi na shahidi na haikupungukiwa kitu. Mahali pa tarehe ya kuisha palikuwa patupu. Aliuliza, akaambiwa hapo huwa hapajazwi. Hata hivyo akatia saini ya kuipokea. Bila leseni asingeruhusiwa kushuka chini, na chini ndiko alikokuwa baba yake.

Mama yake, alipoambiwa kwamba Asen amerudi kazini, aliuliza tu kama ana skafu, maana vyumba vya chini vina baridi.

"Twende kwa shangazi, mama. Wiki moja tu."

"Na pilipili kilo arobaini nimwachie nani?"

Jumamosi saa mbili asubuhi king'ora cha kuwasha kinu kililia, na mvuke mweupe ukapanda juu ya mierebi ya mtoni. Mama alizima jiko la uani, akaingia ndani. Wakazunguka nyumba nzima wakifunga madirisha: la chumbani, la sebuleni, la kwenye ngazi. La jikoni walilisukuma wote wawili kwa mabega, likabaki wazi kidole kizima. Lilikuwa halifungiki tangu mwaka ule Asen aliposema angelitengeneza akipata likizo.