Kitu Cheupe Kifuani

Fundi cherehani alikuwa ameshadungwa chanjo ya homa ya manjano, na bega lilimuuma kidogo, lakini si hilo lililomkausha mate. Ilibaki picha ya kifua, ya mwisho kabla ya kupewa viza. Mumewe alikufa kwa kifua kikuu, naye ndiye aliyemuuguza, akimwinua usiku ili akohoe. Kama ugonjwa ule ulibaki ndani yake, safari ingeishia hapohapo, na kule ng'ambo binti yake alikuwa karibu kujifungua, hana mtu.

"Dada, pumua basi," mdogo wake alimwambia kwenye benchi. "Usipopumua, mapafu yenyewe yatajificha."

"Nyamaza wewe. Nilichanjwa mimi, ukafumba macho wewe."

Akaitwa. Akavua bangili na hereni, akavaa gauni la hospitali, akakumbatia ubao wa baridi wa mashine ya picha na kubana pumzi. Alikuwa bado nyuma ya pazia kijana mpiga picha alipomwita tena.

"Mama, hebu njoo. Kuna kitu cheupe hapa kifuani."

Akatoka. Akilini akamwona binti yake peke yake kitandani, akageuza uso ukutani.

"Lakini ni cha ajabu," kijana aliendelea. "Kimenyooka. Halafu kina tundu juu."

Fundi aligeuka. Akakitazama kile kitu kwenye kioo cha kompyuta, akakitazama tena, kisha mkono ukaenda wenyewe kifuani.

"Mwanangu! Hiyo sindano yangu!"

Kamba ya gauni ilikuwa imekatika, na yeye, kwa mazoea, alichomoa sindano kwenye kilemba chake akalibana, wala hakukumbuka. Kijana alicheka mpaka akashika meza.

"Nilisema uvue vyuma vyote, Mama!"

"Sindano kwangu si chuma, ni kidole."

Picha ikarudiwa. Daktari aliitazama kwa muda, wakati fundi akihesabu vigae vya sakafu.

"Mapafu safi kabisa. Safiri."

"Sema tena, daktari."

"Safi, Mama."

Machozi yalimtoka huku akicheka. Marehemu naye angecheka, angekohoa, angecheka tena.

Huko nje mdogo wake alikuwa tayari na simu sikioni. "Mama yako anakuja! Hapana, bado hajatoka. Ameomba uzi, anawashonea watu wa hospitali kamba ya gauni lao."