Zege Kabla ya Harusi

Habari kwamba ofisi ya kata imekubali kutoa nusu ya gharama ya kuinua njia yao ilimkuta Nguyet akiwa na povu la sabuni kichwani, na hakungoja kulisuuza. Alitoka mbio na taulo shingoni, akapita mlango hadi mlango akigonga kwa viganja vyote viwili, povu likimtiririka masikioni.

"Tumepata zege, jamani. Tokeni mnisikilize, tumepata zege."

Uchochoro mzima ukatoka. Bi Hue muuza uji aliacha upawa ndani ya sufuria, wanaume wakatoka na vesti, na kwa kitambo kizuri watu walicheka na kupigana mgongoni kama timu yao imefunga bao. Walikuwa na haki. Uchochoro ule ulioanzia barabara kubwa na kuishia mferejini ulikuwa umechakaa hadi aibu. Kila bamvua, maji ya mto wa Saigon yalipopanda na kuingia mfereji, yalikuja na takataka zake hadi magotini, na chini ya maji kulikuwa na mashimo ambayo wenyeji waliyajua kwa majina na wageni waliyajua kwa kuanguka.

Nguyet alikuwa mjumbe wa uchochoro, lakini siku hiyo hakufurahi kama mjumbe. Alifurahi kama mama. Binti yake Dao alikuwa anaolewa mwezi uliofuata, na mtabiri aliyechagua tarehe alikuwa ameiangusha papo hapo kwenye bamvua kubwa kuliko yote ya mwaka. Saa njema ya bwana harusi kuingia nyumbani kwa Nguyet ilikuwa kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, wala hakukuwa na tarehe nyingine hadi mwaka upinduke. Siku ya uchumba, upande wa bwana harusi ulikuja na masinia mekundu ya tambuu na matunda, na mama wa kijana, Bi Phung, akatumbukia shimoni na sinia lake. Tambuu zikaelea. Bi Phung alinyanyuliwa, akafutwa, akaketishwa, na hakusema neno hadi alipoaga. Tangu siku hiyo Nguyet aliwaza jambo moja. Harusi nayo ikipita katika maji yale, Dao angeingia kwa mama mkwe akiwa na doa kabla hajapika hata chai.

"Kumbe tunamtandikia Dao zulia," Bi Hue alimtania.

"Unawatandikia wateja wako, dada. Wanakunywa uji huku samaki wanawatekenya miguu."

Utaratibu ulikuwa mwepesi kueleza na mgumu kumeza. Kata ingetoa nusu, na nusu ya pili wangelipa wenye nyumba, kila mmoja kwa upana wa ukuta wake unaotazama uchochoro. Nyumba moja ikikosa, saruji ingehamia uchochoro wa jirani, ambao wakazi wake walikuwa wameshaanza kuulizana bei ya kokoto kwa sauti ya juu, makusudi wasikike.

Fundi Tai alikuja na utepe wake wa kupimia, na hapo ndipo watu walipofahamiana. Jamaa aliyekuwa akijisifu kila siku kwa ukubwa wa nyumba yake alianza kuapa kwamba ni ndogo.

"Anzia hapa, fundi. Hapo si ukuta, hapo ni vyungu vya maua."

"Maua yanasimama uchochoroni, kaka," Nguyet alimjibu. "Nayo yalipe."

Wa mwanzoni mwa uchochoro walisema wao wanatoka moja kwa moja barabarani, zege la nini. Wa mwishoni wakawajibu kwamba wao ndio wanaoishi na mfereji, basi wahurumiwe. Nguyet alikimbia huku na huku, akabembeleza, akazomea, akasifu watoto wa watu ambao hawakusifika, na mwishowe nyumba zote zikakubali isipokuwa ya Mzee Thoai.

Nyumba ya Mzee Thoai ilikuwa kwenye kona, pale uchochoro ulipopinda, kwa hiyo kuta zake mbili zilitazama njia na alipigiwa hesabu ya pande zote mbili. Watu walisema ana mkono wa birika. Nguyet hakuliachia hapo. Alikwenda kwa majirani mmoja mmoja hadi wakakubali mzee alipe upande mmoja tu, na ule wa pili wagawane. Alipotoka kwenda kumwambia, alitembea kama mtu anayepeleka zawadi.

Ilimbidi ainame ili aingie. Mzee Thoai, mwalimu mstaafu mwenye mgongo uliopinda, alimsogezea kigoda.

"Keti, mwanangu."

"Mzee, nina habari njema. Utalipa upande mmoja tu."

"Ahsante. Sitalipa hata huo."

"Lakini watu wamejinyima kwa ajili yako."

"Simama."

"Si umesema niketi?"

"Sasa nasema simama."

Nguyet alisimama, na nywele zake zikagusa boriti. Naye alikuwa mfupi, jambo ambalo uchochoro wote ulilifanyia mzaha.

"Walipoinua njia mara ya kwanza nililipa," mzee alisema, "nikapoteza ngazi zangu. Nikajaza kifusi, nikainua sakafu. Mara ya pili nikalipa tena, nikapoteza dirisha. Hilo tundu unaloliona nyuma ya kitanda, hapo tulikuwa tunaegemea na marehemu mke wangu tukitazama wapita njia. Nikainua sakafu tena. Sasa mnataka nilipe mara ya tatu, na nimebakiwa na kichwa tu."

Nguyet alicheka, hakuweza kujizuia, na mzee naye akacheka. Kisha akamshika mkono akamtoa nje.

Fundi Tai alikuwa ameshapiga mstari wa buluu kwenye kuta zote, kuonyesha zege litafika wapi. Ndivyo walivyozoea. Kipimo huanzia kwenye nyumba iliyo juu kuliko zote ili maji yashindwe kabisa, na wenye nyumba za chini hukimbilia kuinua sakafu zao, wakimpita jirani kwa kidole kimoja wakiweza. Iliyokuwa juu kuliko zote ilikuwa ya Nguyet mwenyewe. Kwake mstari uligusa kizingiti kwa adabu. Kwa Mzee Thoai, aliyekuwa chini kuliko wote, ulipita juu ya kizingiti, kwenye goti la mtu mzima.

"Maji yatatoka kwenu yaje yalale kwangu," alisema mzee. "Na mimi ndiye mnataka niyalipie nauli."

"Si unaweza kuinua paa?"

"Kwa pensheni yangu, mwanangu, siinui hata pazia."

Nguyet alirudi nyumbani na furaha yake imepoa. Bi Hue alimsikiliza hadi mwisho, akalamba kidole, akatoa dawa.

"Mlipie wewe. Kata wanataka jumla itimie, hawaulizi ya nani imetoka wapi. Kesho kutwa tunamwaga zege, Dao anaolewa mguu mkavu, yamekwisha."

"Na mzee?"

"Mzee ataona imeshafanyika. Atanuna, atazoea."

Dawa ilikuwa rahisi kiasi cha kutisha. Fedha za maturubai na viti vya harusi zilikuwa kabatini. Nguyet alizitoa, akazitia mfukoni, akashika njia ya kwenda kata akiwa ameona kwa macho yake harusi nzima ikipita pakavu, Bi Phung na viatu vyake vya hariri vikiwa havijapata hata tone. Roho ilimpanda kwa furaha. Kisha akafika konani, na ule mstari ulikuwa palepale, juu ya kizingiti, na chini yake mzee alikuwa amechutama anafagia mlango wake. Hakumwona Nguyet. Alifagia kwa uangalifu, hadi kwenye pembe.

Nguyet alisimama. Alijikasirikia, akamkasirikia mzee, akamkasirikia na mtabiri. Halafu akageuka akaenda kumtafuta fundi.

"Tai, futa mistari yote. Piga upya, na safari hii anzia kwa Mzee Thoai. Chini ya kizingiti chake."

Fundi alimtazama kama mtu aliyepatwa na jua. "Mama Dao, ukianzia huko, njia yote inashuka. Mashimo yatakwisha, sawa, lakini bamvua kubwa litafika kwenye kifundo cha mguu."

"Najua."

"Siku ya harusi."

"Najua, Tai. Mimi ndiye niliyealika."

Mkutano uliofuata ulikuwa moto. Watu walipiga kelele kwamba hawawezi kulipa ili walowe. Mwenye vyungu vya maua alisema mjumbe amerogwa. Nguyet aliwaacha waseme hadi wakachoka, akawaambia kwamba ndani ya nyumba za watu maji hayataingia hata tone. Nje yatawagusa mara chache kwa mwaka. Kisha akaongeza, kama jambo dogo tu, kwamba njia ikishuka zege linapungua, na zege likipungua kila mtu analipa pungufu.

Watu wakaanza kuhesabu kwa vidole.

"Pungufu kiasi gani?" aliuliza mwenye maua.

Mikono ilinyooshwa kabla swali halijajibiwa vizuri. Mzee Thoai, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, aliinuka taratibu akaja mbele na kulipa, na alilipa pande zote mbili.

"Tulikupunguzia upande mmoja, mzee," Nguyet alimnong'oneza.

"Acha nilipe. Nisije nikaambiwa nakanyaga zege la watu."

Siku ya kumwaga ilikuwa sikukuu. Gari la zege halikuweza kuingia, kwa hiyo watu wenyewe walijipanga mstari kutoka barabara kubwa, ndoo zikapita mkono hadi mkono, wanawake wakiimba na wanaume wakijifanya hawajachoka. Bi Hue aligawa uji bure, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Dao aliachiwa toroli, akalipindua, akachekwa hadi machozi yakamtoka. Nguyet alishinda akirukaruka pembeni na kufukuza paka wasikanyage. Jioni uchochoro ulilala mbele yao wa kijivu, laini, umenyooka, na watu walikuwa wakitoka tu kuja kuutazama.

Asubuhi ya harusi bamvua lilikuja kama lilivyoahidi. Maji yalipanda kutoka mferejini, yakaenea juu ya zege jipya sawasawa, yakafika kwenye vifundo vya miguu na kusimama. Kwa Mzee Thoai yalikuwa chini ya kizingiti kwa upana wa kidole. Yeye mwenyewe alikuwa mlangoni na suti yake ya zamani, akiyatazama maji kama anayemtazama mbwa asiyemwamini.

Msafara wa bwana harusi ulikwama kwenye foleni ya magari. Nguyet alisimama kwenye lango lililopambwa, gauni lake la kitambaa cha hariri ameliinua kwa mkono mmoja, saa ameishika kwa mkono mwingine. Saa tatu ilikuwa inakaribia. Hatimaye miavuli na masinia mekundu vikaonekana kule mwanzoni, viatu vikavuliwa, suruali zikakunjwa.

"Haraka, jamani, haraka," Nguyet aliita. "Saa njema inakwisha."

Vijana wa masinia wakaanza kukimbia. Maji yakatibuka, wimbi likaenda mbele yao, likapiga kizingiti cha Mzee Thoai, likarudi, likapiga tena. Mzee akachutama akaziba mlango kwa kitambaa.

"Simameni."

Aliyesema alikuwa Bi Phung. Msafara ukasimama. Nguyet alishuka ngazi zake akaja ndani ya maji hadi konani, na gauni lake akalisahau likalowa.

"Nani alipima njia hii?" Bi Phung aliuliza.

"Mimi, mkwe."

"Ungeweza kuiinua zaidi."

"Ningeweza." Hakuomba radhi, kwa sababu hakujutia.

Bi Phung aliutazama mlango ule mfupi, na mzee aliyechutama na kitambaa chake, na sakafu kavu nyuma yake. Aliitazama sana ile sakafu.

"Kwetu walipoinua njia tulilipa kama wengine," alisema. "Hakuna aliyekuja kututazama mlango. Mama yangu alimalizia siku zake juu ya kitanda tulichokipandisha kwenye matofali, maji yakipita chini yake." Kisha akawageukia watu wake. "Tembeeni polepole. Msimrushie mzee maji mlangoni."

"Mama," alisema bwana harusi, "tutachelewa saa njema."

"Tuchelewe."

Akamshika Nguyet mkono. Nguyet, aliyekuwa amekimbia tangu siku ya povu la sabuni, alitembea polepole kuliko alivyowahi kutembea maishani, machozi yakimshuka bila kuyafuta. Nyuma yao watu wote wale waliinua mguu mmoja mmoja na kuushusha kwa upole, masinia yametulia vichwani, hadi wa mwisho akapita kona, na maji yakabaki nje.