Duara Safi la Ngoga

Nizigama mimi sikuvuka darasa la sita, lakini kwa miaka thelathini sijakosa mtu wa kumlaumu. Namkumbuka agronome, bwana shamba wa serikali, aliyekula mbegu zetu za mpunga. Nakumbuka hadi rangi ya shati alilovaa siku ile. Namkumbuka chifu aliyetulipisha maji ya mfereji tuliouchimba wenyewe. Hapa Kiringye, megafoni ya kuitia watu salongo, yaani kazi ya pamoja, inakaa nyumbani kwangu mimi président wa kazi hiyo, na wote hao waliisikia. Nilishika jambo moja: nyuma ya kila baya kuna mtu.

Kwa hiyo mguu wa yaya Olive ulipofumuka mara ya tatu, nilijua pa kwenda.

Yaya ni dada yangu mkubwa. Alijikata kwa jembe kwenye mpunga, chini ya goti, hadi mfupani. Ngoga, mwenye farmasi pekee kijijini, alimpa vidonge vya kloksasilini. Usaha ukakauka, ngozi ikafunga, yaya akarudi shambani. Miezi miwili haikuisha, kidonda kikafunguka palepale. Vidonge tena, kikafunga tena, kikafunguka tena. Hakuruka hata kidonge kimoja, nilisimamia mwenyewe. Plaketi tupu, vile vibao vya vidonge, alizitunga kwenye uzi, akazitundika ukutani karibu na rozari, munganga asije akasema kwamba hakumaliza dawa.

"Baba Délice, kidonge peke yake haitoshi," Ngoga aliniambia. "Ndani ya mfupa iko kipande imekufa. Mumupeleke Uvira wamupasue, wakitoe. Minye nilimwambia mara mbili."

"Dawa yako ingekuwa dawa, ungemtuma kwa kisu?"

"Dawa iko muzuri."

"Basi mguu ndio muongo."

Watu waliokuwa wakingoja barazani wakacheka. Ningeachia hapo, kwenye kicheko.

Jumapili, baada ya misa, nilishika megafoni. Nilisema chokaa. Anatuuzia chokaa, nikasema, huku uzi wa plaketi za yaya nimeuinua juu wauone. Sikusema kwamba Ngoga ametoka Bijombo, kule juu kwa wachungaji. Haikuhitajika. Concilie, muuza mihogo, alinimalizia: "Arudi kwao akatibu ng'ombe."

Kufika saa sita mlango wa farmasi ulikuwa umeng'olewa. Ngoga aliondoka kwa pikipiki na masanduku mawili ya bati, bila kumtukana mtu. Alipofika mbele yangu alisimamisha, akanipa plaketi moja nzima.

"Peleka hiyo mahali wanapima," akasema.

Niliipeleka kwa furaha. Nilitaka karatasi yenye muhuri, nimmalize.

Kwenye maabara Uvira nilimkuta Antoine, fundi wa vipimo, mtu mpole mwenye kikohozi. Alichukua usaha wa yaya, niliyekwenda naye, akaupanda kwenye kisahani, katikati akaweka kipande cha karatasi kilicholoweshwa dawa ya Ngoga. Siku ya pili nilirudi na daftari. Vimelea vilikuwa vimetanda sahani nzima kama utando wa maziwa, lakini kuzunguka ile karatasi palikuwa na duara safi, tupu.

"Hiyo ndiyo chokaa yako," Antoine akasema. "Imeua."

"Basi vimelea vimezoea dawa. Nilisikia kwa redio."

"Vingezoea, hapa pangejaa. Ngoja, Président. Rudi kesho."

Aliondoa karatasi, akaacha dawa ififie, kisha akatia tone la chakula chao ndani ya duara. Kesho yake nikainama kuangalia. Mahali palipokuwa safi palikuwa na vidoti. Nilivihesabu, kumi na kimoja.

"Hivi vimetoka wapi?"

"Vilikuwa hapo. Vimelala. Dawa hii inavunja kimelea kinapojenga ngozi yake ili kikue. Kisichojenga kitu, inakipita. Ikiisha, kinaamka, kinazaa. Na watoto ukiwapa dawa ileile watakufa, isipokuwa wachache watakaolala nao."

"Nani amevifundisha?"

"Hakuna. Vingine vinalala tu. Na mfupa uliokufa ndio kitanda chao. Angepasuliwa mapema, wangekitoa."

Nilikuwa na kalamu mkononi. Sikuandika kitu.

Nilimpeleka yaya hospitali hapohapo Uvira. Daktari aliyempasua alisema ubovu umeshapanda hadi gotini, atakata mguu juu ya goti. Kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji, yaya alinivuta mkono.

"Nani alikuambia ni chokaa?"

"Hakuna mtu, yaya."

"Ngoga aliniambia kisu mara mbili. Minye nilikaa nikikusikiliza weye."

Namba ya Ngoga haipiti. Siku hizi Kiringye dawa zinauzwa sokoni, kwenye beseni, juani.

Juma lililopita walinijia watu wanne kutoka Katogota. Aliyewaongoza ni Ndayisenga. Mke wake ana kidonda cha paja kinachofunga na kufunguka, dawa anameza.

"Tulisikia weye ndiye ulifukuza ule wa farmasi wa hapa," akasema. "Sisi pia tuko na wetu. Njoo utusemee."

Niliwaeleza yote. Nilichora lile duara chini kwa kijiti, nikatia vidoti. Nikasema wampeleke mwanamke Uvira leo, apigwe picha ya mfupa, na mwenye farmasi wamwache. Yaya alikuwa amekaa mlangoni na magongo yake. Waliuona mguu usiokuwepo. Walisikiliza kwa heshima hadi mwisho.

"Tumesikia, baba," Ndayisenga akasema. "Lakini ni nani?"

"Si mtu."

"Weye, Nizigama, ndiwe unasema si mtu." Alitabasamu kama anayemsamehe mzee. Akainuka, akatungua megafoni kwenye msumari wake. "Tutairudisha kesho."

Yaya aliniangalia. Nilitafuta la kusema, la kuwageuza watu wanne tu, na mimi nimewahi kugeuza vijiji.

Hawajafika barabarani walishaiwasha, kuijaribu. Nikalisikia neno langu, lilelile moja, linarudiwa: chokaa, chokaa.