Namwona, Amekaa Kwenye Kiti

Mimi ni fundi wa kamera, duka langu liko Buzuruga, na msiniambie habari ya kazi ya Mungu. Nimeshaambiwa vya kutosha msibani. Kazi ya Mungu naijua. Hii ilikuwa kazi yangu mimi, Yassin.

Mama yetu, Bi Mastura, alikuwa akiishi peke yake Nansio, kisiwani, ng'ambo ya ziwa. Presha ilimwangusha mara mbili mwaka jana, na kuhamia kwangu Pasiansi akakataa katakata. "Nije nihesabu magari?" alisema. Basi nikamfungia kamera sebuleni, inatazama kiti chake. Watoto tuko watano, na intaneti ya pale nyumbani ni ya kubangaiza. Wawili tukifungua kwa pamoja, picha inakwama. Nikaweka seva ndogo dukani kwangu. Kamera inatuma picha mara moja tu, kwenye seva, halafu seva ndiyo inatugawia wote, kila mtu kwenye simu yake. Wallahi nilijisifu. Mama naye alizoea. Akitaka kutoka nje anaipungia kamera mkono kutuaga.

Kabla ya hapo, jirani yetu Sabina alikuwa anapita kila asubuhi kupiga hodi. Nikamwambia, "Dada Sabina, pumzika sasa, sisi tunamwona."

Kelele zilianzia kwa dada yangu Fadhila, aliyeko Dodoma. Kila mtandao ukikatika Nansio, simu yake inaonyesha giza, naye anapiga mayowe. "Yassin, unanitia presha na mimi! Hilo giza litoe!" Mimi nina hasira za karibu. Nikalitoa. Nikaipanga seva kwamba kamera ikipotea, iendelee kutuonyesha picha ya mwisho iliyopokea. Nilisema nitaongeza maandishi mekundu juu, tujue kwamba hiyo ni picha iliyopita. Nilisema kesho. Ikawa kesho kwa wiki tatu.

Jumanne ile, saa tano asubuhi, Sabina akanipigia. "Yassin, mama yako sijamwona nje tangu kupambazuke, na redio yake siisikii. Niingie nimwangalie?"

Nikatupa jicho kwenye skrini. Mama yuko kwenye kiti, khanga ya kijani begani, bakuli la choroko mapajani.

"Namwona hapa, amekaa zake anachambua choroko," nikamjibu. "Mwache apumzike, dada."

"Haya, kama unamwona," akasema.

Nikarudi kwa mteja. Nikatazama tena mara mbili tatu. Yuko pale pale. Nikafurahi hata, nikasema leo mama ametulia. Jamani, mimi ni fundi! Mkono wake uko juu ya bakuli saa tano, uko juu ya bakuli saa saba, na sikujiuliza chochote.

Saa nane na robo picha ikaruka. Kiti kitupu. Choroko zimetapakaa sakafuni, na karibu na mlango, pembeni kabisa mwa picha, unyayo wa mguu wa mama aliyelala chini. Nilipiga kelele mpaka mteja akatoka mbio. Mtandao ulikuwa umekatika saa tatu na nusu, na tangu hapo tulikuwa tunatazama saa tatu na nusu. Nikampigia Sabina. Aliingia akamkuta ameshakata roho, ila mwili bado una moto.

Tulimzika kesho yake baada ya adhuhuri. Wanawake waliomwosha walisema magoti yake yalikuwa yamechubuka, alijikokota kutoka kwenye kiti mpaka mlangoni. Fadhila alilia, akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyelikataa giza. Nikamwambia anyamaze. Aliyeshika waya ni mimi.

Sabina hakunilaumu. Afadhali angenitukana. Alinivuta nyuma ya nyumba akaniuliza polepole, kama mtu anayetaka tu kuelewa.

"Yassin, si ulisema unamwona?"

"Nilimwona, dada."

"Mimi nilikupigia nikiwa hapo mlangoni, nimeshika kitasa. Nilisikia kitu kinakwaruza chini, kwa ndani. Uliposema anachambua choroko, nikajua ni paka, nikaenda zangu shambani."