Mshika Tindo

Ribiti ilikuwa imegoma. Niliipiga mpaka jasho likaniingia machoni, na kichwa chake kilikuwa kimepinda kidogo tu.

"Piga, shemeji, piga!" alisema Mpole. Alikuwa amepiga goti kando ya chasisi, ameshika tindo la kukatia chuma kwa mikono miwili.

Nikapiga. Mabati ya karakana yakatetemeka, ribiti ikabaki palepale. Nikaitukania mama yake.

Mpole alikuwa mume wa mdogo wangu. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu ya sauti yake. Hata akiagiza chai ungedhani anaomba msamaha. Alileta pikapu yake tuibadilishie springi za nyuma, iinuke na ibebe mzigo mzito zaidi, na aliitaka siku hiyohiyo. Tulishashusha bodi ya nyuma, chasisi upande huo imebaki uchi juu ya magogo. Vishikio vya zamani vya springi vilifungwa kwa ribiti za kiwandani, misumari minene isiyo na nati, na waliozifunga hawakuwa na nia zifunguliwe. Kwa kawaida ningesaga vichwa vyake kwa grenda, lakini umeme ulikatika tangu asubuhi na mwenzangu wa kazi alikuwa hoi kwa homa. Ikabidi iwe nyundo na tindo, na Mpole akajitolea kushika.

Kushika tindo si lelemama. Baba yetu, aliyeniachia karakana ile, alinifundisha kwamba mshikaji haitazami nyundo. Anatazama ncha ya tindo pale inapogusa chuma. Ukiitazama nyundo ikija utavuta mkono, na ukivuta mkono ndipo unapovunjika. Kazi yenyewe hasa ni kumwamini anayepiga. Mpole alishika vizuri, sikatai. Aliniamini, mjinga yule.

Maana roho yangu haikuwa safi kwake hata kidogo. Mdogo wangu alishakimbilia kwangu mara mbili, na mara zote mbili mama alimfungashia vitu vyake akamrudisha. "Ndoa ni kuvumiliana, mwanangu." Mpole alikuja kumchukua na sauti yake ile, akapiga magoti sebuleni, mama akatokwa na machozi ya huruma. Kumhurumia nani? Yeye! Mimi nikanyamaza kwa heshima ya mama, na ukimya ule ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kila pigo siku ile nililipiga nikiuona uso wake.

"Mke wako hajambo?" nilimuuliza, mikono ikiendelea na kazi.

"Ana homa kidogo. Kalala."

Huyo aliyelala akaingia getini.

Alikuwa amejitanda mtandio mpaka puani kwenye jua la mchana. Niliufunua mwenyewe. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba likafumba, na mdomo umepasuka.

"Dada," alisema, "safari hii usimwite mama. Sitaki kurudi."

Mpole alisimama, akajifuta mikono taratibu, akamfuata hadi ubavuni mwa pikapu. "Twende nyumbani."

"Siendi."

Akamkamata mkono akaupindisha nyuma mpaka mdogo wangu akaanguka kwa magoti, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nimesema twende. Unaniaibisha mbele za watu." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alimpiga kwa sauti hiyohiyo, kila siku, na ndiyo maana majirani hawakuwahi kusikia kitu.

Sikufikiri. Niliishusha nyundo kwenye mlango wa pikapu, kando ya kiuno cha Mpole. Mlango ukabonyea ndani, kioo kikamwagika miguuni mwake. Nikaiinua tena.

"Mwachie! Mwachie, au inayofuata ni yako, haki ya Mungu!"

Akamwachia. Akajilazimisha kucheka. "Shemeji, hasira za nini? Haya, tumalize kazi." Akainama akaokota tindo.

Mdogo wangu aliinuka akanijia. "Nipe nyundo."

"Nzito hiyo."

"Nipe, dada." Akaichukua, akamgeukia mumewe. "Shika. Napiga mimi."

Mpole aliitazama nyundo, kisha akalitazama jicho lile. "Wewe? Una wazimu? Utanivunja mikono."

"Mimi nalala kando ya hiyo mikono kila siku," alisema mdogo wangu. "Shika!"

Tindo likamdondoka.

Basi nikapiga goti mimi, nikalishika. Mdogo wangu hakuwahi kuinua nyundo maishani mwake. Pigo la kwanza lilinipata kidole gumba cha mkono wa kulia. Nilisikia mfupa ukivunjika kabla sijasikia maumivu, na damu ikachuruzika juu ya chuma. Alipiga ukelele, akataka kuitupa nyundo.

"Usithubutu!" nilimfokea. "Piga! Piga hapa, pumbavu wewe, piga!"

Akapiga. Alipiga akilia, akapiga akiporomosha matusi ambayo sikujua kama anayajua, mengine hata mimi fundi sijawahi kuyatamka. Mpole alikuwa akirudi nyuma. Ghafla kichwa cha ribiti kikakatika, kikaruka, kikapita kando ya sikio lake na kutoboa bati. Mwanamume akajikunyata chini, mikono yote miwili usoni. Nilishamwona mdogo wangu akijikunyata vilevile kwangu, siku upepo ulipoubamiza mlango. Nilifurahi, sitadanganya. Nilifurahi mpaka meno yakaniuma.

Mpole aliondoka kwa miguu. Alipofika getini akageuka. "Utarudi tu," alimwambia mkewe, kwa upole wake uleule. "Siku zote unarudi."

Nikamtazama mdogo wangu. Njia ya nyumbani kwake aliijua, na mama wa kumrudisha alikuwa hai bado, na miguu ya mtu huzoea. Niliogopa jibu lake kuliko nilivyoiogopa nyundo.

Yeye akatafuta kitambaa kisafi, akanifunga kidole, akakaza fundo kwa meno. Mpaka leo kidole hiki hakikunjiki. Kisha akazungukia upande wa pili wa chasisi akiiburuta nyundo sakafuni, akainama akachungulia.

"Nyingine iko wapi?"

Nikahamishia tindo mkono wa kushoto, nikamwonyesha.