Keki Mbili za Bawa Moja

Asger aliunda mashua miaka mingi kando ya ghuba ya Limfjord, mpaka kiwanda chao kilipofungwa na bintiye Dagny akamtafutia kazi kwenye karakana ya mabawa ya mitambo ya upepo. Msanifu wa mabawa hayo ndiye Dagny mwenyewe. Baba akawa chini ya binti, na si kila mwanamume hulimeza hilo.

"Baba, ukingo wa nyuma uache mwembamba kama kisu," Dagny alimwambia. "Ukiuviringisha, upepo hauachii vizuri. Unazungukazunguka pale nyuma na kulivuta bawa."

"Nimekusikia, mama."

Masikio yalisikia, mikono haikusikia. Kwenye mashua ukingo mkali hukata kamba na viganja vya watu, na Asger hakuwahi kutoa kazi yenye makali. Akapitisha msasa, akauviringisha kidogo tu, kiasi cha unene wa ukucha. Tena akajisifu moyoni. Hawa wasomi, aliwaza, hawajui kumalizia kitu.

Mabawa yakapandishwa kwenye mtambo wa majaribio. Yakavuma kama nyuki ndani ya chupa, na umeme ukatoka pungufu hata kuliko wa mabawa ya zamani. Dagny alipanda kuyakagua, akashuka kimya. Mogens, mwenye karakana, akasema umbo hilo ni la kutupa, na kama Dagny hana maelezo hadi kesho, atafute kazi kwingine.

Tangu aliposikia ule mvumo, Asger alijua kwamba kosa ni lake. Alijiona mwizi, tena mwizi wa mwanawe.

Pale karakanani, si mwenye siku ya kuzaliwa tu aletaye keki; anayeharibu kazi pia huleta. Huiweka mezani wakati wa kahawa ya asubuhi, akataja kosa lake mbele ya wote, wakamcheka, yakaisha. Kwa hiyo asubuhi Asger alipitia kwa mwokaji, akanunua keki ya mdalasini, na njia nzima akawa anajisemea maneno atakayosema.

Alipoingia, akakuta keki nyingine mezani. Dagny alikuwa amesimama nyuma ya meza hiyo.

"Nilikosea hesabu za umbo," Dagny alisema. "Kazi ya mikono haina kasoro."

"Angalau keki umeipatia," mmoja akamtania, wengine wakacheka kidogo. Mogens hakucheka. Alimwambia Dagny akimaliza kahawa akusanye vitu vyake.

Kisha akageuka. "Na wewe, mzee? Hiyo ya kwako umeharibu nini?"

Dagny akamtazama baba yake. Akautazama mkono wake wa kulia, kidole gumba, pale msasa ulipokuwa umeacha sugu, na hapo Asger akatambua kwamba binti yake alikuwa amegundua kila kitu alipopanda kule mtamboni. Dagny hakumsaidia wala hakumzuia. Alingoja.

Maneno yote ya njiani yakamkimbia. Kwa aibu akaitua keki yake kando ya ile nyingine.

"Leo ni siku yangu ya kuzaliwa," Asger alisema.

Dagny alijua fika kwamba baba yake alizaliwa Novemba, na huu ulikuwa mwezi wa Mei. Alifungua kabati, akatoa kile kibendera cha taifa, chekundu chenye msalaba mweupe, anachowekewa mezani mwenye siku ya kuzaliwa, akakisimamisha kando ya kikombe cha baba yake. Kisha akaanzisha wimbo, wenzake wakaitikia, na Asger ikambidi akae akiimbiwa mpaka mwisho.