Mvuto wa Sadala

Mie sikuolewa niwe mke wa mtumbwi, lakini ndio nilioachiwa. Ulikutwa umepinduka mdomoni mwa kijito, huku kwetu Mbuchi, na ndani yake shoka la mume wangu Sadala limefungwa kwa kamba, fundo lilelile alilolipiga mwenyewe asubuhi. Boriti za mikoko alizokata zilikuwa zimekwenda na maji. Yeye hakuonekana, si mzima wala maiti.

Walimtafuta, siwasingizii. Wanaume walipiga mbizi, wakachomachoma tope kwa pondo mpaka viganja vikatoka malengelenge, kisha maji yakajaa, wakarudi makwao kula. Halafu maneno yakaanza. Ati kuna mtu kamwona huko Mafia mwanamume mwenye mwendo wa Sadala. Mwendo! Huku visiwani kwetu, mdomoni mwa mto, sote tunatembea hivyo, tumezoea kuchomoa miguu kwenye tope, lakini utamwambia nani akusikie? Shemeji yangu Kibwana, mdogo wake Sadala, ndiye aliyelivalia njuga jambo lile. Kaka kachoka na mikoko, kaka yuko kwenye mashamba ya minazi, kaka kaoa huko. Nikamuuliza, mkata mikoko gani anayehama akaliacha shoka lake? Kesho yake akaanza upya.

Shehe Abdalah, aliyekuwa akituswalisha, hakuwa mtu mbaya. Nilimwendea nikamwambia, shehe, mume wangu amekufa, nataka aswaliwe na mie nikae eda. Akaniuliza kama nimemwona. Sikumwona. Kuna aliyemwona? Hakuna. "Basi, mwanangu Mwanamkuu," akasema, "niletee mfupa, niletee shahidi, niletee hata nguo yake iliyotoka majini. Bila hivyo wewe ni mke wa mtu, na mumeo yuko safarini." Nikaaga, nikaondoka. Wenzangu wakifiwa hukaa ndani, huletewa uji, hulia mpaka sauti ikawakauka, na hakuna anayewauliza kitu. Mie nikilia naambiwa namtakia mume wangu mabaya.

Aliyekuwa akiniambia hivyo kuliko wote ni mama mkwe wangu, Bi Sijaona, mama yake Sadala. Tulikaa nyumba moja, tukala sahani moja. Kila jioni alimtengea mwanawe wali na kitoweo, akafunika, na asubuhi tukawamwagia kuku. Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikamwambia, mama, unanenepesha kuku tu. Akasema, "Sawa, na akija leo ana njaa utampa nini?" Nilimpenda sana mwanamke yule, na alikuwa akinitia wazimu.

Ndivyo tulivyokuwa, miezi inapita, Mwingereza anatutawala, DC anakaa Utete wala hana habari na sisi, mpaka walipokuja wale watu wa mashine.

Walivuka mto kwa pantoni pale Ndundu, wakaja huku kwa mitumbwi. Mzungu mmoja, wapagazi, na kijana wa kwetu aitwaye Bashiru, mwenyeji wa Bungu, aliyesoma shule za mbali akafundishwa kuitazama mashine ile. Walikuwa wakitafuta mafuta chini ya ardhi. Tukacheka, mafuta yapo dukani, debe zima, hawa wanahangaika na matope ya nini? Lakini walitaka mtu wa kuwapikia, na mie nilitaka kutoka katika nyumba ile yenye sahani iliyofunikwa. Nikaenda kupika.

Mashine yenyewe ilikuwa kopo kubwa la chuma, juu lina kijidirisha cha kioo cha kuchungulia. Waliibeba kwa adabu kama wamebeba mtoto mchanga, wakaiweka juu ya sahani ya miguu mitatu, Bashiru akainama, akachungulia, akaandika namba. Kisha wakahama mbele wakafanya vilevile. Siku ya kwanza nilidhani ni wendawazimu. Siku ya pili nikamuuliza.

"Humo ndani kuna waya uliosokotwa, dada," akaniambia. "Umening'iniza kijiwe kidogo. Ardhi inakivuta kile kijiwe, kama inavyotuvuta sisi tusiruke juu. Sasa pale penye mwamba mzito chini, ardhi inavuta zaidi kidogo, na waya unanyooka zaidi kidogo. Penye vitu vyepesi inavuta kidogo. Mimi nasoma hiyo tofauti."

"Ni ardhi tu inayovuta?"

"Kila kitu chenye uzito kinavuta kila kitu. Mwezi unavuta bahari, jua nalo linavuta. Vikivuta pamoja mnapata bamvua, maji yakajaa na kutoka sana, vikivuta huku na huku mnapata maji mafu, yasiyojaa wala kutoka sana. Hicho chungu kinauvuta huo mwiko. Mimi nakuvuta wewe, na wewe unanivuta mimi."

"Chunga mdomo wako, Bashiru. Mie mke wa mtu."

Wapagazi wakacheka, na mie nikacheka. Kisha nikalisikia lile neno nililolisema, mke wa mtu, nikageukia moto nijifanye moshi umeniingia machoni. Bashiru hakuwa mjinga. Alingoja wenzake waondoke, akaniuliza kulikoni, nikamweleza yote, mtumbwi, shoka, Mafia, shehe. Halafu nikamuuliza nilichokuwa nikikizungusha kichwani toka aliposema kila kitu kinavuta.

"Na maiti nayo inavuta?"

"Inavuta, dada. Mvuto hautazami uhai, unatazama uzito."

"Basi mashine yako itamsikia."

Akatikisa kichwa. Akasema mtu ni mdogo mno, wao wanapima miamba inayoanzia hapa ikafika Kibiti. Nikamuuliza, umewahi kumtafuta mtu kwa mashine hiyo? Hajawahi. Amewahi kusikia mtu aliyejaribu? Hajasikia. Basi hujui, nikamwambia, na usiniambie haiwezekani jambo ambalo hujalijaribu. Nilimsumbua asubuhi na jioni. Nilimpikia wali wa nazi nikamsumbua, nikampikia bokoboko nikamsumbua. Mwishowe Mzungu akashikwa na homa, akalala hemani, na kazi iliyobaki ilikuwa kupima karibu na kile kijito. Bashiru akasema, haya, twende, lakini usije ukanilaumu.

Nilichukua jembe, nikachukua sanda niliyokuwa nimeiweka chini ya kitanda. Nilipotoka nikamkuta Bi Sijaona amejifunga kanga kiunoni, ananisubiri mlangoni. Sikumwalika.

"Nakwenda kusikia kuwa hayumo," akasema.

Tukaenda naye. Maji yalikuwa yametoka kabisa, tope tupu mpaka mbali. Wapagazi wakatandika boriti ili mashine isizame. Bashiru akaanza pale ulipokutwa mtumbwi. Akasoma, akaandika, tukahama hatua chache. Akasoma tena. Mie nilimkazia macho usoni, maana namba sizijui lakini uso naujua. Mahali pa kwanza na pa pili uso wake ulikuwa uleule. Tulipofika kwenye ukingo, chini ya mizizi ya mikoko, alichungulia, akajifuta jicho, akachungulia tena.

"Imepanda?" nikamuuliza.

"Imepanda kidogo, dada, lakini ngoja."

Sikungoja. Nilishusha jembe, nikachimba, jembe likawa zito nikalitupa, nikachimba kwa mikono. Nilimwita kwa jina lake. Nilimwambia, Sadala, nimefika, kaa hapohapo, nimekuja na kila kitu. Nyuma yangu nilimsikia mama yake anasema hapana, hapana, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto. Bashiru alikuwa amewaambia wapagazi warudishe mashine pale tulipoanzia. Alisoma huko. Kisha akaja akachuchumaa ubavuni kwangu.

"Dada Mwanamkuu, acha. Na kule tulipoanzia imepanda, sawasawa na hapa. Si yeye. Ni mwezi. Tangu tulipofika umesogea, na mvuto wake umebadilika kila mahali. Ndiyo maana huwa tunarudi kupima upya tulipoanzia."

Mikono yangu ilikuwa ndani ya tope mpaka kwenye viwiko. Nikamwambia basi tupime pengine, tupime kijito chote, tutapima na kesho.

"Haitatusaidia."

"Kwa kuwa yeye ni mdogo?"

"Kwa hilo," akasema, kisha akasita.

"Na nini? Sema. Mimi si mtoto."

Akateka tope kwa kiganja, akalitazama, hakunitazama mie. "Mashine hii haimwoni mtu. Inasikia tofauti tu. Kama kilichoko chini ni kizito kuliko jirani yake, namba inapanda. Kama ni chepesi, inashuka. Jiwe ndani ya mchanga linasikika, shimo ndani ya mwamba linasikika. Lakini mtu, dada, mtu ni maji na nyama, na tope hili ni maji na udongo. Uzito wao unakaribiana. Akilala humo, ardhi inavuta vilevile kama ilivyokuwa ikivuta kabla hajaja."

Nilimwelewa. Ningependa niseme sikumwelewa, lakini nilielewa vizuri kabisa, neno kwa neno. Mwanamume aliyekuwa akiingia nyumbani nikajua kwa pumzi tu kuwa amechoka au ana furaha, ardhi ilikuwa imempokea na haikuona kuwa kimeongezeka kitu. Angekuwa hapo chini ya magoti yangu, angekuwa Mafia, namba ingekuwa ileile. Nilikaa kwenye tope nikaona moyo wangu unapasuka, wala simung'unyi maneno, ulipasuka.

"Anasemaje?" Bi Sijaona akauliza. Masikio yake yalikuwa mazito, na sisi tulikuwa tukisema chini chini. "Mashine inasemaje? Wamemwona?"

Bashiru akasema, "Hapana, mama, hatukumwona, lakini..."

"Hayumo!" Akapiga makofi. "Niliwaambia hayumo. Chombo kinachoona mwamba chini ya nchi kisimwone mwanangu, jitu lile, mabega yale? Alhamdulillahi. Mwanangu yu hai."

Bashiru alifungua mdomo amweleze. Alikuwa kijana mkweli, hakupenda kazi yake isemwe isivyo. Nikamshika mkono wa shati kwa vidole vyangu vyenye tope.

Nilijua ninachokiachia. Kabla ya magharibi Kibwana angekuwa amekwisha kuzipata habari, na ikifika Ijumaa Shehe Abdalah angesikia kuwa mashine ya Mzungu imechungulia mpaka chini ya kijito na Sadala hayumo. Nani angeniswalia mume wangu tena? Eda nisingekaa. Kulia mbele za watu nisingelia. Ningezeeka mke wa mtu aliye safarini. Na dawa yake ilikuwa kumwacha Bashiru aseme maneno mawili tu, kuwa mashine haijui, na kutojua si kutokuwepo. Lakini nilimtazama yule mama. Tope lilimfika magotini, kanga imelowa, na alikuwa anacheka. Tangu mtumbwi ulipokutwa sikuwa nimeyaona meno yake.

"Hayumo, mama," nikasema. "Wamepima kote."

Bashiru akainamisha kichwa, akaanza kuifunga mashine yake. Niliikunja sanda, nikaitia ndani ya kanga mama asiione. Maji yalikuwa yameanza kurudi, yanaingia kwenye lile shimo nililolichimba, na kabla hatujafika kwenye mashamba ya mpunga lilikuwa limejifuta.

Tulirudi taratibu, yeye ameniegemea bega. Njia nzima alikuwa akisema. Atamwagiza mtu wa Mafia, atamwambia amwambie arudi, na kama kaoa huko basi aje na mkewe, nyumba ipo, mie nisione vibaya. Nikasema sitaona vibaya. Machozi yalikuwa yakinitoka na nilimshukuru Mungu kwa kuwa anatembea akitazama chini asiteleze.

"Lakini akirudi," akasema, "mie ndiye nitakayeanza kumsema. Nimemzaa, nina haki. Wewe utangoja nimalize."

"Haya, mama," nikamwambia. "Utaanza wewe."